Bafu Lisilo na Ukuta wa Kuvuka: Usalama wa Mzee na Mtoto Nyumbani

Mimi ni muuguzi wenu wa afya ya jamii. Leo hatutazungumza juu ya chanjo wala lishe. Leo tunaingia bafuni.

Wengi wetu husema ajali haina kinga. Hiyo ni methali nzuri ya kumfariji mtu aliyepatwa, lakini tusiitumie kama kisingizio. Ajali nyingi za bafuni zina kinga. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka duniani kwa sababu ya kuanguka, na walio wengi ni wenye umri wa zaidi ya miaka 60. Shirika hilo hilo linasema kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka 5. Si wote walikufa baharini au ziwani. Wako watoto wanaofia nyumbani, katika ndoo, katika beseni, na katika hodhi la kuogea.

Hodhi ninalozungumzia ni lile bafu refu la kulala ndani. Nyumba za zamani za upande wa magharibi mwa Nairobi, kama Woodley, Kilimani, Kileleshwa na Lavington, zilijengwa nayo, na hata baadhi ya nyumba za ghorofa zilizofuata. Mengi ni ya chuma kizito kilichopakwa enameli nyeupe. Urefu wake ni kama sentimita 170, na upana wake kama sentimita 70. Ukuta wake unafika kwenye goti la mtu mzima, au juu zaidi. Ukipima vizingiti vyote vya nyumba hiyo, hicho ndicho kirefu kuliko vyote. Na ndicho tunachomtaka mzee avuke akiwa uchi, miguu ikiwa imelowa, na mkono mmoja una sabuni.

Hatari ya kwanza: mzee

Hebu fikiria anavyovuka. Anasimama kwa mguu mmoja. Anainua ule mwingine hadi juu ya goti. Anatafuta mahali pa kushika, na anachopata ni chuma cha kuanikia taulo au sinki ya kunawia mikono. Vyote viwili havikutengenezwa kubeba uzito wa mtu. Vikichomoka ukutani, mzee anaanguka navyo.

Mifupa ya mzee haina nguvu kama ya kijana, hasa mifupa ya mama aliyekwisha kukoma hedhi. Akianguka kwa upande, nyonga inaweza kuvunjika. Nyonga ikivunjika, kwa kawaida huhitaji upasuaji, na baada ya hapo huenda kukawa na wiki nyingi za kulala. Kulala sana huleta vidonda vya mgongoni na makalioni, nimonia, na damu kuganda miguuni. Wako wazee walioingia hospitali kwa kuteleza tu, na hawakurudi kutembea tena.

Hatari ya pili: mtoto

Maji yetu ya Nairobi hutoka kwa wingi katika bwawa la Ndakaini, Murang'a, na mitaa mingi huyapata kwa mgao. Siku ya maji ikifika, mama hujaza kila chombo: mitungi, ndoo, sufuria, na hodhi la bafuni. Kwa hivyo katika nyumba nyingi hodhi halitumiki tena kuogea. Limegeuka kuwa tangi lisilo na kifuniko.

Mtoto anayeanza kutembea ana kichwa kizito ukilinganisha na mwili wake. Akiinama kuchungulia au kufuata mwanasesere wake, anaingia kwa kichwa, na hana nguvu ya kujiinua. Maji ya sentimita chache tu yanatosha kufunika pua na mdomo. Wala usitegemee kusikia kelele. Mtoto anayekufa maji hapigi mayowe, kwa sababu pumzi ya kupigia mayowe hana. Dakika chache zinatosha, na ni muda ule ule unaotumia kuzima jiko au kupokea simu.

Tena maji yaliyokaa wazi kwa wiki moja au mbili ni mahali pazuri pa mbu kutagia mayai na viluwiluwi wao kukua.

Hatari ya tatu: wewe unayetunza

Kumwinua mtu mzima kutoka ndani ya hodhi ni kazi ya watu wawili au watatu. Akina mama wengi huifanya peke yao, wakiwa wameinama na kupinda mgongo. Baada ya miezi michache wanaumwa kiuno. Ikiwa una mimba, hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu mwili hauna uthabiti ule wa kawaida na tumbo linakuzuia kuona miguu yako.

Jambo ambalo hatulizungumzi: heshima

Wapenzi wasikilizaji, kuna jambo moja ambalo hukutana nalo mara nyingi ninapotembelea nyumba, na watu huona haya kulisema. Mzee amepata kiharusi na ameletwa mjini kutoka nyumbani ili atibiwe. Anakaa kwa mwanawe. Mwana anatoka asubuhi kwenda kazini na kurudi usiku. Anayebaki naye ni mke wa mwanawe. Sasa nani atamwogesha baba mkwe?

Kwa mila za jamii zetu nyingi, hilo haliwezekani. Mzee mwenyewe hakubali, na mama naye hathubutu. Basi mzee anakaa siku tatu, nne, hata wiki, akipanguswa uso na mikono tu. Ngozi inaanza kuwasha, mapaja yanachubuka, na harufu inakuja. Wajukuu wanaanza kumkwepa. Mzee anajua kwa nini wanamkwepa, anaacha kuzungumza, na anakataa chakula. Watu wanasema ni ugonjwa umezidi. Kumbe mara nyingine ni ukuta wa hodhi umemshinda.

Mzee huyo huyo, ukimpa bafu la kuingia kwa kutembea, kiti cha kukalia, na chuma cha kushika, mara nyingi ataweza kujiogesha. Wewe utakaa nje ya mlango ulioegeshwa, ukimsemesha, ukisubiri akuite. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 57, inasema wazee wana haki ya kuishi kwa heshima na kutunzwa na familia zao pamoja na serikali. Kuoga peke yako mlango ukiwa umeegeshwa ni sehemu ya heshima hiyo.

Kwa sababu hiyo, kama nyumba ni yenu na mnapanga kukarabati bafu, nawashauri: toeni hodhi, mtengeneze shawa ya kuingia bila kupanda chochote. Kama mmepanga, zungumzeni kwanza na mwenye nyumba, na makubaliano yaandikwe.

Kabla ya kuvunja

Kwanza, tafuta mahali pa kuweka maji. Ukiondoa hodhi kabla ya kupata tangi, utarudi kwenye ndoo zilizo wazi, na hatari ya mtoto itabaki pale pale. Tangi la plastiki lenye kifuniko, au mitungi yenye vifuniko vya kuzungusha, ndilo jibu.

Pili, mwulize mwenye kuoga. Kama alipata kiharusi, upande upi una nguvu? Chuma cha kushika kiwekwe upande huo. Kama ana kifafa, au kizunguzungu kwa sababu ya dawa za presha, aoge akiwa amekaa, na mlango usifungwe kwa ndani.

Tatu, pangeni mtaoga wapi wakati wa kazi. Ukarabati huu huchukua siku kadhaa, wala si siku moja.

Nne, hodhi la chuma lina uzito wa kilo mia moja na zaidi. Litolewe na mafundi wenye nguvu, si vijana wa nyumbani kwa kubahatisha. Vigae na saruji zikatwe nje, zikimwagiwa maji, kwa sababu vumbi lake huumiza mapafu. Mtoto mwenye pumu apelekwe kwa jirani siku hizo.

Mambo ya kumwambia fundi

Mafundi wetu ni hodari, lakini fundi hutengeneza alichoambiwa. Mwambie haya, na umwambie kabla hamjakubaliana bei.

Sakafu ya shawa iwe sawa na sakafu ya bafu zima. Asijenge kile kijiukuta kifupi cha kuzuia maji, kwa sababu mguu wa mzee huburuta na kujikwaa hapo. Maji yazuiwe kwa mteremko: sentimita 2 kwa kila mita, kuelekea kwenye tundu la kutolea maji. Mteremko ukizidi, kiti kitayumba. Ukipungua, maji yatatuama.

Bomba la kutolea maji liwe la inchi 2. Mara nyingi bomba la hodhi huwa jembamba, inchi moja na nusu. Hodhi linaweza kungojea maji yaishe polepole, lakini shawa isiyo na ukingo haiwezi. Likibaki lile jembamba, maji yatafurika hadi mlangoni. Chini ya tundu pawe na kona ya bomba inayobaki na maji, ili harufu na mende wasipande kutoka kwenye bomba la maji machafu.

Kabla ya vigae, sakafu na kuta za pale panaporushwa maji zipakwe dawa ya kuzuia maji kupenya. Kisha mzibe tundu, mwage maji kiasi cha sentimita 2, na myaache saa 24. Maji yakipungua, au jirani wa chini akiona dari yake imelowa, kuna mahali panapovuja. Ni afadhali kujua siku hiyo, kabla vigae havijabandikwa. Usipoziba ufa, utajenga ukuta, na katika nyumba ya ghorofa utajenga wa jirani pia. Ukuta unyevu huota ukungu mweusi, na ukungu huamsha pumu.

Nafasi ya kuogea iwe na upana usiopungua sentimita 90, ili mzee na anayemsaidia watoshee. Nafasi ya hodhi ina sentimita 70 tu, kwa hivyo shawa itabidi ichukue kidogo ya sakafu iliyo mbele yake. Badala ya mlango wa kioo, pazia la plastiki linatosha, na halivunjiki.

Vyuma vya kushika viwe viwili: kimoja cha kulala kando ya kiti, na kimoja cha kusimama pale pa kuingilia. Vifungwe kwa bolti zilizoingia kwenye jiwe lenyewe, si kwenye plasta. Fundi akimaliza, mwambie ajining'inize. Kama yeye anaogopa kujining'iniza, mama yako asikishike. Rangi ya chuma itofautiane na ukuta, kwa kuwa macho ya mzee hayaoni vizuri chuma cheupe kwenye kigae cheupe.

Kiti kiwe na kimo cha sentimita 45 hadi 50. Shawa iwe na kichwa cha kushika mkononi chenye mpira mrefu, ili anayekaa ajimiminie mwenyewe.

Mlango wa bafu ufunguke kwa nje. Mzee akianguka nyuma ya mlango unaofungukia ndani, mtashindwa kumfikia.

Ukifika River Road

Wengi wetu tutanunua vifaa mjini, katika maduka ya vifaa vya ujenzi ya River Road na barabara za jirani. Nenda na orodha iliyoandikwa na vipimo ulivyopima mwenyewe. Usiende na maneno ya fundi kichwani tu.

Kosa kubwa hutokea kwenye vigae. Vile vinavyong'aa hupendeza macho, lakini vingi ni vya ukutani. Omba vigae vya sakafu vyenye mkwaruzo. Halafu fanya jaribio dogo: chovya kidole gumba kwenye maji, weka tone la sabuni, upitishe juu ya kigae ukikandamiza. Kidole kikiteleza kama kwenye kioo, kirudishe. Muuza duka akicheka, mwache acheke. Vigae vidogo vidogo ni vizuri zaidi, kwa sababu mistari mingi ya katikati huupa mguu mahali pa kushika.

Ukinunua shawa ya umeme, ile inayopasha maji papo hapo, usikubali ifungwe na fundi wa mabomba kwa sababu yupo tu. Tafuta fundi wa umeme mwenye leseni ya mamlaka ya kawi, EPRA. Waya wa ardhini lazima uunganishwe. Waya wa shawa uwe mnene wa kutosha na uwe wake peke yake, na swichi yake isifikiwe na mikono iliyolowa. Ukigusa mfereji na kuhisi umeme unakuwashawasha, hata kidogo, zima swichi na usioge mpaka itengenezwe. Huo si umeme mdogo usiodhuru. Ni onyo.

Kwa maji ya moto kutoka kwa tangi au sufuria, fungua au mimina ya baridi kwanza, kisha uongeze ya moto. Pima kwa kiwiko chako kabla ya kumgusisha mtoto au mzee. Maji ya nyuzi 60 humbabua mtu mzima kwa sekunde chache, na ngozi ya mtoto huungua upesi zaidi. Mtu aliyepooza upande mmoja huenda asihisi kabisa kwamba anaungua.

Kama huna hodhi wala pesa za ukarabati

Najua wengi wanaonisikiliza wako Kawangware, Kangemi, au ploti yenye bafu moja la wapangaji wote. Usizime redio. Mambo makuu ni yale yale.

Tafuta kiti cha plastiki imara chenye mikono, na ukague miguu yake kama haina ufa. Weka ndoo juu ya stuli ndogo kando ya kiti, ili mzee asiiname. Mpe kikombe cha kuchotea na kipande cha kitambaa kirefu cha kusugulia mgongo. Sugua sakafu kwa brashi na sabuni kila wiki ili utelezi utoke. Ombeni mwenye ploti afunge chuma kimoja tu ukutani. Wapangaji wakiomba pamoja, husikika. Mzee avae kandambili zenye mpira usiochakaa, tena zenye ukanda wa nyuma, maana kandambili za kuchomoka ndizo huangusha.

Na hata wenye shawa, siku ya mgao mifereji itakauka. Kiti na ndoo vitafanya kazi pale pale, bila mtu kuvuka ukuta wowote.

Kama hodhi litabaki kwa sasa, basi lisiwekwe maji. Likiwekwa, mlango wa bafu ufungwe kwa komeo lililo juu, asikofika mtoto. Mtoto mchanga aogeshwe katika beseni, mkono wako ukiwa juu yake muda wote. Ukisahau taulo, mchukue mtoto mkaifuate pamoja.

Kumsaidia aliyepata kiharusi

Kila kitu kiwe tayari kabla hajavua: sabuni, taulo, nguo safi. Wakati wa kuvua, anza na mkono wenye nguvu. Wakati wa kuvaa, anza na mkono dhaifu. Mfunike kwa kanga au taulo sehemu zisizooshwa. Mwache afanye anachoweza, hata kama anachelewa, maana kuoga ni mazoezi pia. Mkihitaji viti vya kuogea, magongo au mafunzo ya viungo, waulizeni wahudumu wa viungo katika hospitali inayomtibu, au Chama cha Walemavu cha APDK kilichoko Waiyaki Way.

Ajali ikitokea

Mzee akianguka, usimwinue kwa pupa. Mwulize anaumwa wapi. Mguu mmoja ukionekana mfupi na umegeukia nje, au akishindwa kuusogeza, huenda nyonga imevunjika. Mfunike apate joto, mwache alale, na mwite msaada. Akiwa amegonga kichwa na anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, apelekwe hospitali hata kama anasema ni mzima.

Mtoto akipatikana majini, mtoe mara moja na mwite jirani. Kama hapumui, mpulizie pumzi mdomoni na puani, na uanze kumbana kifua, huku mwingine akipiga simu. Usipoteze muda kumning'iniza miguu juu ili maji yatoke. Akizinduka, bado apelekwe hospitali. Nambari za dharura ni 999 na 112, na ya Msalaba Mwekundu wa Kenya ni 1199.

Mambo ya kukumbuka

1. Ukuta wa hodhi ni hatari kwa mzee, na maji yaliyo ndani yake ni hatari kwa mtoto.
2. Pata tangi lenye kifuniko kabla ya kuondoa hodhi.
3. Sakafu isiyoteleza, bomba la inchi 2, vyuma viwili, kiti kimoja, mlango wa kufungukia nje.
4. Umeme wa shawa ni kazi ya fundi mwenye leseni.
5. Kiti na ndoo humsaidia mzee hata pasipo ukarabati.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

Katika nyumba yako, mzee hushika nini anapoingia bafuni? Maji ya mgao huwekwa wapi, na mtoto anaweza kufika hapo? Nani humwogesha mgonjwa wenu, na je, mgonjwa mwenyewe amewahi kuulizwa anavyopenda?

Leo jioni, kabla ya kulala, ingia bafuni kwako ukiwa na viatu vikavu na taa imewashwa. Fumba macho na unyoshe mkono. Kama hakuna kitu imara cha kushika, umeshajua pa kuanzia.